Naivasha: mnalipia ziwa na mlima, mnaishia kwenye bwawa la kuogelea

KiatuChaVumbi (mwanzisha uzi) · Ijumaa, 2:40 usiku

Wadau, hodi humu.

Naishi Naivasha, na kila mwisho wa mwezi naona magari yakishuka kutoka Nairobi na Nakuru yakiwa yamejaa watu, nguo za kuogelea na kreti za soda. Wanachukua chumba kinachotazama ziwa, wanakaa kando ya bwawa la kuogelea mpaka Jumapili adhuhuri, halafu wanarudi kwao na picha za sahani. Anayetaka kulala alale, pesa ni zake na usingizi ni wake. Wanaonishinda ni wale wanaorudi wakitangaza kwamba Naivasha hakuna la kufanya nje kama huna pesa za kutupa.

Mlima uko pale, unauona hata ukiwa kitandani. Ziwa liko mlangoni. Katikati kuna mbuga unayoruhusiwa kuingia kwa baiskeli, ukampita twiga bila kioo cha gari baina yenu. Tatizo lenu ni saa. Mnaamka saa tatu, kiamsha kinywa kinaenda mpaka saa tano, ndipo mnaanza kuulizana "leo tufanye nini?" Saa tano huku mambo yamekwisha.

Nianze na mlima wa Longonot kwa sababu ndio unaoumbua watu. Lango liko karibu mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, na kilele, yaani Kilele Ngamia, kiko mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano huko juu, ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kwenda, kuzunguka na kurudi ni kilomita 13 na ushee. Kwenye karatasi ni kitu kidogo, mtu anayekimbia asubuhi mtaani kwake anaicheka. Lakini njia yenyewe ni majivu ya volkano. Kiangazi ni vumbi linalopenya hadi ndani ya soksi, masika ni utelezi na mifereji iliyochimbwa na maji. Mlimani hakuna maji ya kunywa, na ukishafika juu kivuli cha maana usikitegemee.

Aliyeanza saa kumi na mbili na nusu anafika ukingoni kabla jua halijapata nguvu, anazunguka upepo wa baridi ukimpiga usoni, saa sita yuko chini anaagiza nyama. Aliyeanza saa nne anazunguka utosi ukichemka, na wengi wa namna hiyo hugeukia ukingoni wakisema "tumeuona, inatosha." Hawajauona. Ukingoni unatazama ndani ya kreta, msitu umejaa huko chini kama mboga ndani ya sufuria. Ukizunguka ndipo unapata ziwa lote upande mmoja, mlima Suswa upande wa kusini, na yale madishi makubwa ya kituo cha setilaiti yaliyojengwa enzi za 1970 yakionekana madogo kama vifuniko.

Ziwa nalo lina saa zake. Asubuhi limetulia. Mchana upepo unaanza, na alasiri mawimbi yanakuwa ya kweli, si ya picha. Jioni ukingo wa maji unabadilisha wenyewe, unakuwa wa viboko.

Kwa hiyo ushauri wangu: fika Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri mlima, mchana lala (hapo ndipo hiyo hoteli yako inapofaa), Jumapili asubuhi baiskeli au boti. Asiyekubali aseme.

---

MamaTatu · Ijumaa, 3:05 usiku

Mkuu, umeongea vizuri lakini umeongea kama mtu asiye na watoto. Mimi niko Nakuru, nina watatu: wa miaka sita, tisa na kumi na tatu. Baba yao ana goti. Nikisema tuamke saa kumi alfajiri tukapande mlima, hiyo ndoa itaisha kabla ya Gilgil. Je, Longonot ni ya watoto au niwaache bwawani kama hao unaowasema?

---

KiatuChaVumbi · Ijumaa, 3:12 usiku

Mama, nimechekea kwenye simu hapa. Huyo wa kumi na tatu anapanda bila shida. Wa tisa anafika ukingoni akiwa na maji na peremende, lakini usimzungushe. Wa sita mwache chini kabisa, maana mwisho wa siku utambeba wewe, na kushuka kwenye vumbi ukiwa na mtoto mgongoni ndiko kunakovunja watu. Kupanda kunachosha tu, kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Baba mtu asijaribu.

Wadogo wapeleke Crescent Island. Ni sehemu ya ukingo wa kreta ya zamani iliyozama ziwani, inayotokeza juu kwa umbo la mwezi mchanga. Unatembea kwa miguu kati ya twiga, pundamilia, nyumbu na kuro, na hakuna simba wala chui. Watoto wanasahau hata simu.

---

NahodhaKaragita · Ijumaa, 3:30 usiku

Naomba niongezee upande wa maji maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza mjue kuna ufukwe wa umma. Karagita upo, Kamere upo. Si lazima uwe mgeni wa hoteli ndio uguse ziwa. Ukija huku unapata boti, unapata samaki wa kukaanga, na unakuta wenyeji wenzako wa mashamba ya maua wakipumzika siku yao ya mapumziko. Bei ya boti ni ya boti nzima kwa muda mliokubaliana, si ya kichwa. Kubalianeni kabla ya kupanda: dakika ngapi, mnapita wapi. Mkija watu wawili mtaona ni ghali, mkija sita mtacheka.

Pili, jaketi la uokoaji. Avae kila mtu, na lifungwe vizuri. Mtoto apewe la mtoto, si la mtu mzima lililokunjwa. Nahodha akikwambia "haya ni ya mapambo tu, maji leo yametulia," shuka. Asubuhi yametulia, ndiyo, lakini upepo wa ziwa hili hauchelewi kubadilika, na boti yenye watu waliosimama upande mmoja kupiga picha ndiyo inayopinduka.

Tatu ni viboko. Hapa nitaandika kidogo kwa kirefu kwa sababu wageni wengi wanawaona kama ng'ombe wanene. Mchana kiboko yuko majini na kundi lake. Ukiona masikio na macho tu, jua chini yake kuna wengine. Mimi nikizima injini mbali, si kwamba nawabania picha. Nataka nibaki na nafasi ya kugeuza. Kuna abiria wanatoa pesa juu, "nahodha sogea kidogo tu." Sisogei. Usiku anatoka majini kula nyasi, na ana njia yake, ileile kila siku. Hakutafuti wewe. Shida inakuja ukisimama kati yake na maji, au kati yake na mtoto wake. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa ukingoni mwa ziwa hili akipiga picha za kiboko. Alikuwa nchi kavu, si ndani ya boti.

Na mkumbuke ziwa lilipanda. Mwaka 2020 maji yaliingia hadi mtaa wa Kihoto, watu wakahama nyumba zao. Njia za viboko nazo zikahama. Kwa hiyo ile "nilikuja 2012 tukakaa hapa na moto mpaka usiku" isahau. Hapo ulipokaa pengine sasa ni maji.

---

Breki_Mbili · Ijumaa, 4:02 usiku

Nahodha heshima kwako. Mimi ni wa baiskeli, kwa hiyo natetea Hell's Gate.

Mbuga ni ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, ilitangazwa mwaka 1984, na ni miongoni mwa chache nchini ambako unaingia kwa baiskeli au kwa miguu bila gari. Baiskeli mnakodi pale njiapanda kwenye Moi South Lake Road kabla hamjafika lango la Elsa Gate, kawaida shilingi 500 hivi kwa siku, na kwa kundi mnapunguziwa. Usichukue ya kwanza unayosukumiwa. Ipande, zunguka nayo, kamata breki zote mbili, badilisha gia, inua kiti kifikie kimo chako. Vijana pale wana baiskeli nzuri na wana mikweche, na mkweche huwa unaletwa kwa mgeni aliyechelewa. Ndiyo maana na mimi nasema asubuhi. Uliza pia kama kuna pampu na viraka. Miiba ya mgunga haina adabu.

Ukiingia langoni unakutana na Fischer's Tower, ile nguzo ya mwamba ya mita 25, imepewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita huku 1883. Pimbi wamejaa pale chini, wamezoea watu, wataiba ndizi yako mchana kweupe. Kuna vijana wenye kamba na kofia ngumu wanaopandisha watu juu yake. Nimewaona wageni wakijaribu bila kamba, wakashushwa na askari kwa maneno ambayo siwezi kuandika humu.

Kutoka hapo barabara inashuka polepole katikati ya majabali kwa kilomita kama 8 hadi kituo cha askari karibu na korongo. Hiyo "polepole" ndiyo mtego. Unakwenda ukijisifu una mapafu, kumbe ulikuwa unateremka. Kurudi ni mlima wa polepole ila mrefu, jua kichwani, upepo mara nyingi usoni. Hifadhi nguvu na maji ya kurudia. Pundamilia, ngiri, swala na kongoni watakupisha. Nyati hakupishi. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, ngojea gari lipite ulifuate kwa nyuma, au geuza. Usipige kengele.

Nina swali pia: kuna aliyewahi kuendesha kutoka mjini Naivasha mpaka Elsa Gate badala ya kukodi pale?

---

KiatuChaVumbi · Ijumaa, 4:10 usiku

@Breki_Mbili usifanye hivyo. Barabara ile ina malori ya mashamba ya maua, malori ya mitambo ya jotoardhi ya Olkaria na matatu zinazokimbizana kuwahi abiria wa zamu. Pembeni hakuna nafasi. Panda matatu ya Kongoni au Kamere, shuka njiapanda, chukua baiskeli hapo.

---

Jamaa_wa_Dunga · Ijumaa, 4:31 usiku

Watu wa Bonde la Ufa mnanifurahisha. Hilo mnaloliita ziwa sisi Kisumu tunanawia mikono. Ziwa ni letu, kilomita za mraba 68,800. Na kama ni mlima kando ya maji, nendeni Mfangano. Unafika Mbita, unapanda boti hadi Sena, na kisiwa chenyewe ni mlima uliosimama ndani ya ziwa. Kilele chake, Kwitutu, kiko mita 1,694. Ziwa liko 1,134. Hesabu wenyewe. Njiani kuna michoro ya kale kwenye mapango, maduara mekundu na meupe, ambayo wazee wa Abasuba waliihusisha na mvua. Juu unaona visiwa kama vimemwagwa. Tena hakuna foleni ya wapiga picha.

---

KiatuChaVumbi · Ijumaa, 4:38 usiku

Omera, kati ya hizo 68,800 Kenya ina asilimia 6 tu. Zilizobaki nenda ukawaulize Watanzania na Waganda kama wamekuruhusu kunawia.

Lakini hapo kwa Kwitutu umesema kweli. Mita 560 za kupanda ni karibu sawa na Longonot kutoka langoni, na mandhari ni ya aina nyingine kabisa. Onyo moja tu kwa watakaokwenda: kichocho. Watu hushuka kwenye boti wakatembea kwenye maji ya magotini wakiwa na furaha, wakati kule ndiko wanakoishi konokono wanaoueneza, kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Ukiloa, ujikaushe haraka, na ukirudi ukiona mwili haueleweki nenda ukapimwe. Dawa yake ipo.

---

Jamaa_wa_Dunga · Ijumaa, 4:45 usiku

Hiyo asilimia 6 imeniuma lakini naipokea. Kichocho ni kweli, sisi wenyewe tunapimwa.

Swali la dhati sasa: nikija huko Julai, ni baridi kiasi gani? Maana mtu wa Kisumu akiambiwa baridi anadhani ni kufungua dirisha.

---

ShangaziGilgil · Jumamosi, 12:50 asubuhi

Mwanangu wa Dunga, lete sweta mbili na kofia. Ziwa Naivasha lenyewe liko karibu mita 1,890, ninyi mko karibu 1,134. Julai alfajiri ukitema neno linatoka na moshi. Na siku ya kwanza usikimbilie mlimani. Pumzi itakukatikia kwenye mteremko ambao mtoto wa Maasai anaupanda akipiga mluzi. Lala usiku mmoja kwanza.

Lakini nimeingia kwa jambo lingine. Nimesoma uzi wote na mmepita pembeni mwa korongo kana kwamba ni mapambo. Mimi nimefundisha shule, nimepeleka watoto Hell's Gate wengi, kwa hiyo mniruhusu.

Lile korongo la Ol Njorowa limechongwa na maji. Hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu. Zamani sana ziwa lilipokuwa kubwa kuliko leo, maji yake yalitokea huko kuelekea kusini. Ziwa lilishuka, njia ikabaki. Kuta zimesimama, mahali pengine unagusa pande zote mbili kwa mikono. Mvua haihitaji kunyesha pale ulipo. Inanyesha kule juu kwenye miteremko, wewe huku chini jua linawaka na mnacheka, maji yanakusanyika kwenye mwamba usionyonya, yanakuja yote mara moja. Aprili 2012 yaliua vijana waliokuja matembezi. Septemba 2019 yaliua tena, watalii pamoja na mtu aliyekuwa akiwaongoza. Huyo alilijua korongo, na bado.

Baada ya 2019 KWS, shirika la wanyamapori, ililifunga. Siku utakayofika, la kuuliza ni moja, limefunguliwa au la, na wa kuuliza ni askari aliyevaa sare, si kijana wa njiani anayekwambia "shangazi, mimi nina njia yangu." Kama kuna sehemu wameruhusu, mwangalie mbingu ya mbali, si ya juu ya kichwa chako. Ukiwa ndani na kijito kikaanza kubadilika rangi, au ukasikia mngurumo usioujua, hakuna kurudi njia mliyojia wala kutafuta kiatu. Panda juu palipo karibu.

Na walimu wenzangu mnaoleta basi zima la watoto mwezi wa nne: kwa nini mwezi wa nne?

---

Breki_Mbili · Jumamosi, 1:20 asubuhi

Shikamoo shangazi. Kweli niliruka hapo. Naunga mkono: mbuga inatosha bila korongo. Kuna njia ya kuzunguka upande wa Olkaria, na kuna bwawa la maji moto ya jotoardhi pale Olkaria ambalo linatuliza miguu baada ya baiskeli, ingawa wikendi linajaa kama steji.

---

mgeni_wa_Lanet · Jumamosi, 1:55 asubuhi

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, niko Lanet, sina gari na sina hoteli. Tuko wanne. Tunataka siku moja tu, Jumamosi ijayo, kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa nafikiri tufanye Longonot asubuhi na Hell's Gate mchana. Inawezekana?

---

Breki_Mbili · Jumamosi, 2:01 asubuhi

Inawezekana, nimewahi.

---

ShangaziGilgil · Jumamosi, 2:04 asubuhi

Wewe Breki nyamaza.

---

KiatuChaVumbi · Jumamosi, 2:20 asubuhi

@mgeni_wa_Lanet msimsikilize. Inawezekana kama una gari, dereva na mguu wa punda. Kwa matatu mtamalizia siku barabarani.

Chagueni kimoja. Mkichagua Longonot: matatu ya alfajiri Nakuru hadi Naivasha, hapo mnachukua ya Mai Mahiu ya barabara ya chini, mnashuka Longonot, boda hadi langoni. Mtaanza kupanda mmechelewa kidogo kuliko ninavyotaka, kwa hiyo maji lita mbili kila mtu, na muwe tayari kuishia ukingoni. Mkichagua Hell's Gate: Naivasha mjini, matatu ya Kongoni au Kamere, njiapanda, baiskeli. Kwa wanafunzi wanne wasio na gari mimi ningechagua hii. Mkitoka saa saba mnateremka Karagita kula samaki, na mkichanga mnapata boti ya nusu saa.

Vitu viwili vinavyowakwamisha vijana langoni. KWS haipokei pesa taslimu, malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo lipeni mkiwa bado mahali penye mtandao na chaji. Na kila mmoja abebe kitambulisho chake halisi, si picha yake kwenye simu, ili mlipe bei ya Mkenya. Bei zenyewe angalieni humo kwenye eCitizen siku hiyo, msitegemee alichosema mtu mwaka juzi.

Mkirudi, msingoje giza. Jumapili jioni ndiyo mbaya zaidi kwa nauli, lakini hata Jumamosi ikifika saa kumi na mbili mtasimama steji mkihesabu matatu zilizojaa.

---

mgeni_wa_Lanet · Jumamosi, 2:31 asubuhi

Asante sana mkuu. Basi Hell's Gate. Na kama pesa zisipotosha kabisa?

---

MamaTatu · Jumamosi, 2:40 asubuhi

Mwanangu, uko Lanet na unauliza? Menengai iko mgongoni mwako. Boda kutoka mjini inakufikisha ukingoni. Kreta yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya Longonot, na ukingo uko juu zaidi ya mita 2,200. Unatazama chini unaona mawe meusi ya lava na mvuke wa visima vya jotoardhi ukipaa. Nendeni kundi, si mmoja mmoja, na msiteremke ndani bila mwenyeji, watu hupotea mle. Watu wa Nakuru tumeizoea mpaka hatuioni.

---

Jamaa_wa_Dunga · Jumamosi, 2:52 asubuhi

Kumbe Nakuru mna milima miwili mnaificha. Mwezi gani ni mzuri? Nimeambiwa Machi.

---

NahodhaKaragita · Jumamosi, 3:15 asubuhi

Machi angalia kalenda ya Safari Rally kwanza. Mashindano ya dunia ya magari yalirudi Kenya 2021, yakaletwa hapa Naivasha, yalikuwa Juni, tangu 2024 yamehamia Machi. Wiki hiyo chumba cha kawaida kinauzwa bei ya harusi, barabara za South Lake zimefungwa au zimeziba, na vumbi lake unalila. Kama unapenda magari, njoo. Kama unataka ziwa na mlima, njoo wiki yoyote nyingine.

Januari na Februari ni kukavu, mlima ni mzuri, vumbi ni jingi. Juni hadi Septemba ni baridi lakini njia imeshikana na ni safi, mimi ndiyo naipenda. Aprili na Mei ni masika, na ya korongo shangazi ameshasema.

---

MamaTatu · Jumamosi, 3:40 asubuhi

Nimeamua na nimeshaongea na mwenye goti. Tunafika Ijumaa jioni. Jumamosi binti wa kumi na tatu na mjomba wake wanakwenda Longonot alfajiri, sisi wengine tunalala kama watu. Jumapili asubuhi sote Crescent Island kwa boti. Nahodha, wewe unapeleka huko kutoka Karagita? Na majaketi ya mtoto wa miaka sita unayo, au nilete yangu?

---

NahodhaKaragita · Jumamosi, 3:48 asubuhi

Napeleka mama. Ada ya kuingia kisiwani mnalipa huko wenyewe, haimo kwenye bei ya boti, nisije nikaambiwa nimeficha. Majaketi ya watoto ninayo mawili. Kwa huyo wa sita nitampima kwanza, likimlegea tunafunga kamba ya katikati ya miguu. Njooni saa moja na nusu. Viatu vya kufunika vidole kwa wote, kisiwani kuna miiba na mavi ya nyati-maji, samahani, ya kuro.

---

Breki_Mbili · Jumamosi, 3:55 asubuhi

Mama, huyo wa tisa akitaka baiskeli, pale njiapanda ndogo zipo ila chache, zinaisha mapema. Wapigie simu siku moja kabla wakuwekee, na waambie wakupe yenye gia, si ile yenye kikapu mbele.